Wakati Wanatafuta, Nani Anamimina?

Raya mwanangu,

Salamu nilikunyima mchana, basi zipokee hapa. Assalamu alaykum. Mama yako kabla ya kwenda kulala alisimama mlangoni akaniambia, "Abdalla, kama utamwandikia mtoto, anza kama Muislamu." Nimeanza. Yatakayofuata si lazima yawe matamu.

Ukiona herufi zinacheza juu ya mstari, sababu unaijua. Zisome taratibu, na mimi nimeziandika taratibu.

Mambo ya koti zito na soksi, nyama ipi ule na ipi uiache, nani wa kumwamkia na nani wa kumkwepa, mama yako ameyasema mpaka mimi mwenyewe, ndani ya joto hili la Kikwajuni, nimeanza kuhisi baridi. Sirudii hata moja. Nataka kuzungumza juu ya sinia la pilau nililolipindua.

Ulikuwa umefurahi. Niliiona furaha yako na ndiyo inayoniuma sasa. Shangazi yako Mize alikuwa amefika kutoka Uroa na pweza wake mkavu, akakaa ubavuni mwako akauliza kwa ile sauti yake ya kusikiwa na mtaa mzima, "Raya, hasa hasa unakwenda kusoma nini huko Ujerumani? Watu wananiuliza, nnabaki kucheka tu."

Ukamweleza vizuri. Ukamwambia, "Shangazi, umewahi kuona lenzi ya kamera inavyong'ara rangi ya zambarau? Ile rangi ni utando. Ni mwembamba hata ukungu wa pumzi kwenye kioo ni mnene mbele yake. Unafanya mwanga uingie wote, usirudi nyuma." Mize akauliza unapakwa kwa brashi? Ukacheka. Ukasema hapana, lenzi zinawekwa ndani ya pipa la chuma, hewa yote inanyonywa, halafu dawa inaunguzwa mpaka igeuke mvuke, na mvuke huo ndio unaokaa juu ya lenzi.

Hapo tayari mkono wangu ulikuwa umeacha kula.

Kisha ukasema, tena kwa fahari, kwamba baadhi ya dawa hizo si nzuri. Ipo moja inayotokana na mchanga unaotoa miali isiyoonekana, yenye kudhuru mwili, vumbi lake likiingia kifuani halitoki. "Lakini wanatafuta nyingine badala yake," ukasema. "Na mimi nimeomba niwekwe hapo hapo, pamoja na wanaotafuta."

Nikakuuliza, "Na hiyo mbaya, wameshaiacha?"

"Bado, baba. Wanatafuta."

"Wakati wanatafuta, nani anamimina?"

Ukatabasamu, ukanisahihisha, kwamba haimiminwi, inatiwa kidogo kidogo kwa kijiko. Basi sinia likapinduka. Nikasema mbele ya watu neno ambalo mzazi halisemi kwa mtoto anayesafiri, kwamba sina radhi na safari hii. Mize akainama kuokota punje za wali. Mama yako akakwambia, "Nyamaza mwanangu, huyo si baba yako. Hiyo zebaki inasema."

Nakuandikia kukwambia kwamba haikuwa zebaki.

Nimechoka na maneno hayo. Muda wote wa ndoa yetu, nikigombana na jirani, zebaki. Nikimfokea mtu aliyenipunja kwenye foleni ya mchele, zebaki. Ni kweli kitu kile huharibu akili, huleta hasira zisizo na mwenyewe, nimeyaona hayo na nimeyapitia. Lakini imeshaninyang'anya meno na imeninyang'anya mkono. Sikubali ininyang'anye na hasira. Hii ya leo ni yangu mwenyewe, ina sababu, na sababu yake ni baba yako mdogo Masoud.

Wewe umekua ukisikia kwamba Masoud alikufa kwa kifua. Ndivyo tunavyosema nyumbani, na si uongo. Lakini kifua hakikumpata njiani.

Tulitoka Uroa sote wawili, mimi mbele yeye nyuma, tukaja mjini kujifunza kutia vioo, yaani kugeuza kioo kitupu kiwe cha kujitazamia. Chumba chetu kilikuwa Mkunazini, juu, ndani ya nyumba ya tajiri wetu aliyekuwa akiuza vitanda vya samadari, vile vya nakshi na vioo. Siku hizo harusi bila samadari ilikuwa nusu harusi, na samadari bila vioo kilikuwa kitanda cha maskini. Fundi aliyetufundisha ni Kanji, Mhindi mzee aliyejifunza kwa baba yake. Kazi ilikuwa hivi. Unatandika karatasi ya bati juu ya jiwe la marimari, unaimwagia zebaki, unaisugua kwa kitambaa mpaka vishikane, halafu unatelezesha kioo juu yake na kukikandamiza kwa mawe. Jiwe linainamishwa kidogo, zebaki iliyozidi inachuruzika kwenye bakuli, na kioo kinalala hapo siku nyingi mpaka kikauke. Madirisha yote yanafungwa, kwa sababu punje moja ya vumbi ikiingia, uso wa bibi harusi utakuwa na tundu. Tulikuwa tukila humo na tukilala humo.

Fundi Kanji hakuwa na jino hata moja. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka mpaka anapogusa kioo, hapo unatulia kidogo, kisha unaanza tena. Alikuwa akifoka bila sababu, na mteja akipanda ngazi anajificha nyuma ya mlango kama bibi harusi. Unajua sisi tulifanya nini? Tulimwigiza. Masoud ndiye aliyekuwa hodari. Akishika kikombe cha kahawa akakitikisa kama Kanji, mimi nacheka mpaka machozi yanitoke. Jibu la maswali yetu yote lilikuwa limekaa mbele yetu kila siku, linakula mkate uliolowekwa chai kwa kukosa meno, na sisi tukaona ni mchezo.

Hilo la kwanza nakuachia. Ukifika huko watakuonyesha mashine, nazo zitakuwa nzuri, na wewe tangu mdogo ni mtu wa kuduwaa mbele ya kitu kizuri. Usizitazame kwanza. Tafuta mtu aliyefanya kazi hiyo muda mrefu kuliko wote, utazame mikono yake, usikilize anavyopumua akipanda ngazi. Na ukiambiwa hakuna mzee, wote ni vijana, uliza wazee wamekwenda wapi.

Kanji alipokufa tukabaki sisi. Siku moja tajiri alimpandisha juu mgeni wake kutoka Bombay, naye ni mtu wa vioo, aje aone kazi yetu. Mgeni aliingia kidogo tu, akatoa leso akaziba pua. Akasema, "Nyinyi bado mko na zebaki? Sisi tumeiacha zamani. Siku hizi kioo kinatiwa fedha, ile ya pete na vikuku. Hii inaua mafundi."

Alisema mbele yangu. Sikuhadithiwa. Tajiri hata hakushtuka, kwa hiyo najua hakuwa anasikia mara ya kwanza. Akasema, "Naam, naam, hiyo fedha tunaitafuta." Kisha akanigeukia, "Abdalla, malizeni kwanza chupa zilizopo." Zilikuwa chupa za chuma zilizojaa zebaki, kabati zima.

Nami nikasema, "Sawa, tajiri."

Nikikumbuka maneno hayo mawili nataka kujipiga kofi. Unataka kujua kwa nini niliyasema? Nilikuwa namposa mama yako, na tajiri alikuwa ameniahidi samadari siku ya harusi. Basi. Kitanda. Kile kile ulichozaliwa juu yake, ulichokuwa ukiuliza kwa nini fremu zake zimezibwa mbao na si vioo kama vya watu. Mbao nilizitia mimi baadaye. Vioo vyake vilikuwa kazi ya mkono wa Masoud, na sikuweza kuamka kila siku nikaviona.

Masoud alianza taratibu. Aliyekuwa haogopi mtu akawa anaona haya kunywa kahawa barazani. Kikombe kinamwagika, watu wanacheka, anaondoka bila kuaga. Mate yakawa yanamjaa mdomoni. Usiku anaruka usingizini akipiga kelele. Akanirushia nyundo kwa sababu nilimwita mara mbili. Nilimtazama yule mkono ukitikisa kikombe kama alivyokuwa akimwigiza Kanji, na kwa muda, Mungu anisamehe, nilidhani bado anaigiza.

Watu wakasema ana sheitani. Kioo kina watu wake, wakasema, mtu hawezi kushinda anavisugua vioo vitupu bila kupandwa. Na mimi nikaamini, kwa sababu kuamini hivyo kulinifaa. Kama ni sheitani, basi si zebaki. Kama si zebaki, basi ile "sawa, tajiri" yangu haina kosa.

Nikamtafuta mganga, akaagiza afukizwe. Wewe unajua kufukizwa kwetu. Mgonjwa anafunikwa shuka, makaa yanawekwa karibu naye, ubani na udi juu ya makaa, avute moshi mpaka aliyempanda ashuke. Mganga akauliza, alipandwa wapi? Nikasema kazini. Akasema, basi anaitwa alipo. Tukamrudisha Masoud chumbani, tukafunga madirisha. Seredani la makaa lilikuwa kubwa, tukaogopa kuunguza sakafu, na hapo mimi ndiye niliyetoa shauri. Nikasema tuliweke juu ya jiwe la marimari.

Jiwe lile. Lilikuwa limekunywa zebaki tangu enzi za Kanji. Kwenye nyufa zake ilikuwa inametameta. Tukalipasha moto kwa makaa, madirisha yamefungwa, tukamfunika ndugu yangu shuka karibu nalo, na mimi nikamshika mabega asitoke.

Akaniambia, "Kaka, kifua kinaniuma humu."

Nikamwambia, "Vumilia, ndiyo anatoka."

Akavumilia. Husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Masoud alisikia la mkuu. Mkuu nilikuwa mimi. Tulifukiza tena kesho yake, kwa sababu kukohoa kwake tulikuona ni dalili njema. Mganga mwenyewe alikohoa akasema sheitani ana wivu. Haikuchukua siku nyingi Masoud akafa, amekaa kitako kwa sababu kulala hawezi, mdomo wazi, anatafuta hewa.

Nilikwenda Uroa kumpa mama yetu habari. Hakulia kwanza. Aliniuliza, "Huko mjini mlikuwa mkifanya kazi gani hasa?"

"Kutia vioo, mama."

"Vioo vinaua?"

Jibu nilikuwa nalo tangu siku ya mgeni wa Bombay.

Mimi nami nilikohoa, nikapelekwa hospitali. Daktari akanifungua mdomo akatazama fizi, akanishika mkono akauacha utetemeke, akauliza kazi yangu. Nilipomwambia, akakaa chini. Akasema zebaki hata ikiwa baridi inapanda hewani kidogo kidogo, lakini ikipata moto inatoka yote, huioni na haina harufu. Akauliza, "Humo chumbani mlikuwa mkiwasha moto?" Nikasema ndiyo. "Nani alikuwa akiwasha?" Hakujua anachouliza, maskini, alikuwa anataka kuandika tu.

Basi nimekueleza. Sasa unajua kwa nini pipa lililofungwa, dawa inayounguzwa mpaka iwe mvuke, na neno "wanatafuta" haviwezi kukaa pamoja juu ya sinia moja nikaendelea kula. Neno hilo lina utamu wake. Mtu akisema "hatutaki kuacha," utamchukia na utaondoka. Akisema "tunatafuta," unampa muda, na muda huo si wako unaompa. Ni wa kifua cha mtu mwingine.

Tajiri hakuitafuta fedha. Niliitafuta mimi. Nilikataa kuigusa tena zebaki, nikarudi kwa mama yako na mikono mitupu, na yeye, Mungu amlipe, hakuniuliza tutakula nini mpaka siku ya tatu. Kwanza nilijaribu kubandika bati peke yake kwa ute wa yai. Kioo kilipendeza mchana, usiku mende wakakila. Nikajaribu gundi ya samaki, uso unaonekana umevimba. Mama yako akasema mayai yote ya mtaa nimeyamaliza na bado hajaona pua yake. Mwisho Mgoa mmoja mpiga picha akanihurumia. Yeye alikuwa akitumia chumvi ya fedha kwenye picha zake. Akanionyesha jinsi ya kuiyeyusha, kutia amonia, kisha maji ya sukari, sukari hii hii ya chai. Unamimina juu ya kioo kilichosafishwa, unangoja. Kioo kinageuka rangi ya kahawia, kinakuwa cheusi, unadhani umekiharibu, halafu ghafla unajiona. Wewe ulikuwa ukipiga makofi kila mara, hata ulipokuwa mkubwa. Mara ya kwanza ilipokubali mimi nilijiona nikilia kabla sijajua kwamba nalia.

Nikasema, alhamdulillahi, sasa tuko salama. Kosa langu jingine hilo. Niliambiwa na Mgoa kwamba maji yakibaki yamwagwe siku hiyo hiyo. Hakusema kwa nini, na mimi sikuuliza. Lakini sisi tumelelewa kwamba israfu ni haramu. Punje ya wali haitupwi, sembuse fedha? Nikayaweka yaliyobaki kwenye bakuli dirishani, nikafunika kwa kawa ili yasiingiwe na vumbi, niyatumie baadaye. Yakakauka. Nilipogusa lile bakuli lilipasuka kama baruti, na jicho langu la kushoto likabaki humo. Dawa ilikuwa bora kuliko zebaki, hilo halina shaka, sijamzika mtu kwa ajili yake. Ila na yenyewe ilikuwa na meno, na mimi kwa furaha yangu sikuyatafuta.

Na unajua tajiri aliposikia fedha imekubali alifanya nini? Alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, mimi nimefungwa kitambaa jichoni, akanipa mkono. Akasema, "Umeona, Abdalla? Nilikwambia tunatafuta." Masoud yuko kaburini. Sikumpa mkono. Mpaka leo najuta kwamba nilinyamaza tu, nikamwacha ashuke ngazi akiamini amekuja kunipongeza.

Hapo ndipo ninapofika kwako, maana wewe hukunyamaza.

Unakumbuka ile nyumba ya Mkunazini. Baada ya Mapinduzi tajiri aliondoka, nyumba wakapewa watu, chumba kwa chumba. Niliposikia kwamba kile chumba chetu amekaa mama na watoto wake wadogo sikulala. Nikaenda. Na nilikwendaje? Nilipanda ngazi nikipiga kelele, nikawaambia tokeni, tokeni humu, mtakufa. Mtu mwenye jicho moja, anatetemeka, mate yanamtoka. Yule mama akawakumbatia watoto wake. Wanaume wa chini wakapanda wakadhani nimetumwa na mwenye nyumba wa zamani, wakanishika wakanitoa nje. Nikaenda tena, wakanitoa tena. Nilikuwa na haki yote na hakuna aliyepata faida yoyote ya haki yangu.

Kisha wewe, bado umevaa sare ya skuli, ukaniambia, "Baba, leo n'takwenda mimi. Wewe kaa chini, usipande." Nikakaa kibarazani nikiwa nimekasirika kwamba mtoto ananipa amri. Yaliyotokea juu nilihadithiwa na yule mama mwenyewe. Anasema ulimwamkia shikamoo, ukaomba maji ya kunywa, ukasifu mtoto. Kisha ukaomba ufagio, ukachomoa chelewa moja, ukapiga magoti pembeni lilipokuwa lile jiwe, ukachokoa ufa wa sakafu. Ikatoka tone. Ikaviringika mpaka kwenye mkeka wa mtoto ikasimama, inang'ara. Ukamwambia, "Bibi, baba yangu hataki nyumba yako. Anaisema hii."

Wiki hiyo hiyo watoto walihamishiwa chumba cha pili, na wanaume wale wale walionitoa nje wakakifunga kile kwa misumari. Miezi ya kelele zangu haikufanya kilichofanywa na chelewa yako moja. Nilifurahi, na nilikuonea wivu, na sikukwambia lolote kati ya hayo mawili. Nakwambia sasa.

Kwa hiyo mchana uliposema umeomba kuwekwa pamoja na wanaotafuta, mimi nilisikia neno la tajiri tu. Sikusikia kwamba mtafutaji ni wewe. Tangu nilipindue sinia lile nimekuwa nikigombana na nafsi yangu juu ya jambo moja. Kama kazi ile ipo, na pipa lile lipo, na mtu mmoja huko asubuhi atashika kijiko, je, ni bora awepo karibu yake mtu asiyewahi kuona, au mtu aliyelichokoa tone lile mwenyewe? Jibu silipendi. Nimeligeuza huku na huku na bado ni lile lile.

Lakini usiende kutafuta kwa upole. Upole uutumie kwa watu, kama ulivyofanya kwa yule mama. Kwenye dawa uwe na roho mbaya kama yangu. Wakikuletea mpya wakasema hii ni salama, waulize imefanya nini kifuani mwa aliyeisaga, inafanya nini ikipata moto, na mabaki yake yanakwenda wapi, yakikauka je. Usikubali neno salama. Sema tu kwamba bado haijatuuma, endelea kuitazama. Na waambie wakubwa wa kazi hiyo kwamba wakati wanatafuta, meza zao na viti vyao vihamishiwe ndani ya chumba cha pipa. Utaona kutafuta kutakavyokwenda mbio.

Na ukiona hawajibu, na mikono ya wazee ndiyo niliyokwambia, rudi. Nisikilize vizuri hapa. Watu watasema umeshindwa, mtaa utacheka, Mize atakosa la kuwaambia watu wa Uroa. Rudi hivyo hivyo. Mimi nitakuja kiwanja cha ndege nimevaa kanzu ya Idi. Masoud alinivumilia mimi kwa heshima. Mimi nilimvumilia tajiri kwa kitanda. Wewe usimvumilie mtu, hata mimi.

Sasa hilo la radhi. Neno nililolisema mchana nimelirudisha, lakini sitaki likae kwenye karatasi, karatasi hupotea. Asubuhi kabla hujaondoka utakuja kunishika mkono. Najua unavyoushika. Tangu mdogo huwa unaukamata kwa mikono yako miwili, unaubana mpaka utulie, halafu unanitazama ukicheka kama umeniponya. Kesho usiubane. Ushike mmoja kwa mmoja, uuache ufanye unavyotaka ndani ya kiganja chako, uuhisi mpaka mwisho. Ndivyo ulivyokuwa mkono wa Kanji, na wa Masoud. Nitakuwa natamka radhi yangu yote, ya dunia na akhera, kwa sauti, mbele ya mama yako, na itanichukua muda kwa sababu nitalia. Usiuachie mpaka nimalize. Na siku yoyote huko mtu atakapokwambia bado tunatafuta, fungua kiganja chako ukitazame kabla hujamjibu.

Baba yako mwenye hasira zake,
Abdalla